Siku Wafula Alipopimwa Muaither

Kila nikipiga simu nyumbani Singida huulizwa: huko Doha, siku ya mapumziko unafanya nini? Nikijibu kwamba narusha mpira ili watu waupige kwa gongo, mama ananiuliza kama nimekula. Ndiyo maana nimeona niwaandikie safari moja tu, ile ya Muaither, tuliyokwenda ili Wafula akapimwe.

Wafula ni Mkenya wa Bungoma. Ni mlinzi kama mimi, na tunalala chumba kimoja huku Al Wukair, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Mchezo wenyewe unaitwa besiboli. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anasimama na gongo na kujaribu kuupiga mbali. Akiukosa mara tatu, anatoka. Timu yetu ni ya wafanyakazi, wengi Waganda na Wakenya, na ina pande mbili: timu ya kwanza, inayocheza mechi, na timu ya chini, ya wanaojifunza. Tunacheza miezi ya baridi tu, kwa sababu kiangazi cha huku hakimruhusu mtu kukimbia nje. Katikati ya msimu kocha huwaita wapigaji wa timu ya chini, huwapima mbele ya watu wote, na anayefaa hupandishwa siku hiyo hiyo.

Safari hii nafasi ilikuwa moja. Mchezaji wa timu ya kwanza alikuwa amemaliza mkataba na kurudi kwao. Mkataba wa Wafula nao unaisha kabla joto halijarudi, na hatauongeza. Kama asingepanda siku ile, asingepanda tena.

Ijumaa baada ya swala nilimkuta Wafula nje ya msikiti, ameshika mfuko wetu. Gongo alikuwa amelizungushia shuka la kitanda.

"Bongo, umeomba?" aliniuliza. Bongo ndilo jina aliloniita tangu siku ya kwanza.

"Nimeomba."

"Umeniombea?"

"Nimekuombea."

"Basi leo ni leo. Twende."

Basi la kutoka Al Wukair hadi stesheni ya treni ya Al Wakrah linapita kati ya nyumba mpya na viwanja vitupu. Kwenye kiwanja kimoja kama hivyo, nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi, ndipo tulipofanya mazoezi kila jioni zamu zetu zilipokutana. Mimi nilirusha, yeye akapiga. Kurusha nilijifunza mtamani, nilipokuwa naamia ndege kwa mawe; mtoto aliyekosa ndege kwetu alilala na maneno ya bibi. Huku nikasikia watu wanasema nina mkono ulionyooka. Kocha akanifanya mrushaji wa kuwapima wapigaji, na nilifurahi, kwa sababu ni kazi isiyohitaji maneno mengi. Nilidhani hivyo.

Stesheni ya Al Wakrah mlinzi wa mlangoni aliona shuka na kile kirefu kilichomo ndani. Alikuwa Mkenya.

"Hiyo ni nini, boss?"

"Ni gongo la mchezo," Wafula akasema. "Naenda kupimwa."

"Kupimwa na gongo? Hospitali gani hiyo?"

Walicheka wote wawili. Mlinzi alilifunua kidogo, akaligonga kwa kidole, akatuambia tulifunge vizuri, tusilifungue ndani. Treni ilikuwa safi na baridi. Wafula hakukaa. Alisimama mbele ya kioo cha mlango, magoti yamekunjwa kidogo, mikono ameiweka begani kama ameshika gongo. Bibi mmoja wa Kifilipino alimtazama, kisha akasogeza mifuko yake.

Tulibadili treni Msheireb, na Al Mansoura tukashuka kumpitia Haji. Haji ni Mzanzibari, anafanya kazi ya udobi hotelini, na yeye pia alikuwa mpigaji wa timu ya chini. Alikuwa anatusubiri nje ya mkahawa, vikombe vitatu vya karak, ile chai ya maziwa na iliki, amevipanga juu ya kiti.

"Karibuni, kunyweni," alisema. "Wafula, nakuonea huruma yakhe. Leo utarudi umebeba gongo kama mwiko wa pilau."

"Mwiko utakuwa wako, Haji. Mimi Bongo ameshanipika nimeiva."

"Eti, kweli?" Haji akaniuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali, nikanywa chai. Niliamini kabisa. Kule kiwanjani kwetu Wafula alikuwa hakosi.

Alasiri tulifika Muaither kwa basi, tukatembea kupita kuta ndefu za nyumba mpaka kwenye kiwanja cha changarawe tunachoruhusiwa kutumia. Upepo ulikuwa mdogo na jua limelainika. Kocha Ssali alikwishafika. Ni Mganda, dereva, mtu wa makamo, na mchezo huu aliujua tangu akiwa shule huko kwao. Humwita kila mtu ssebo, kama tunavyosema bwana, hata anapokasirika.

"Wewe ssebo, mkono uko salama?" aliniuliza.

"Uko salama, kocha."

Nieleze utaratibu wetu hapa, maana ndio ulionifikisha nilipofika. Kila mpigaji hurushiwa mipira ya kasi na mipira ya polepole, imechanganywa. Wote wakimaliza, wanakaa chini. Kocha anasema alichoona, kisha mrushaji anasema alichoona, na wapigaji wanasikiliza. Hakuna kwenda kunong'ona pembeni. Kocha husema mrushaji ndiye pekee anayewaona usoni.

Haji alipiga mipira mingi, mingine ikaenda juu tu na kudakwa. Mipira mibaya, iliyokwenda pembeni, aliiacha ipite, na kila alipouacha mmoja alitoa ulimi kwa wenzake. Wengine wawili walifuata, wakakosa zaidi ya walivyopata. Kisha akaja Wafula.

Alipiga wa kwanza mpaka ukutani. Wa pili hivyo hivyo. Niliurusha wa polepole, akausubiri, akaupeleka mbali kuliko yote. Watu walianza kupiga makofi. "Huyu apande hata sasa!" mmoja alipaza sauti. Mimi pia nilikuwa natabasamu, mpaka nilipoangalia mguu wake wa mbele.

Mguu ulikuwa unaanza kwenda kabla mpira haujatoka mkononi mwangu. Nikiwa nataka kurusha kwa kasi, ulikuwa tayari umenyanyuka. Nikiwa nataka kurusha polepole, ulikuwa umetulia, unasubiri. Nilirusha tena, na tena, nikitazama mguu tu. Haukukosea hata mara moja. Hakuna mtu anayeweza kuujua mpira ambao haujarushwa. Alikuwa ananijua mimi.

Tulikaa chini. Kocha alimsifu Haji kwa subira, na Wafula kwa nguvu na kwa kutokosa. "Mimi naona ni Wafula," alisema. "Mrushaji, wewe umeona nini?"

Wote walinigeukia. Wafula alinikonyeza. Nilifikiria mechi inayofuata, mrushaji wa watu wengine, mgeni, anarusha kwa kasi karibu na kichwa chake, na Wafula anausubiri mpira wa polepole. Nilifikiria pia kwamba ningeweza kusema "naona ni Wafula," maneno matatu tu, tukarudi nyumbani tukicheka.

"Kocha," nilisema, na sauti ikatoka ndogo, "naomba arushiwe na mtu mwingine."

"Kwa nini, ssebo?"

"Mimi amenizoea."

Kocha alinitazama, akavaa kofia yake vizuri, akaenda kurusha mwenyewe. Wafula alisimama. Wa kwanza aliukosa. Wa pili alipiga upepo mapema mno, mpira ukapita taratibu nyuma ya gongo. Hakuna aliyecheka, hata Haji. Wa tatu aliugusa ukabingirika miguuni pake. Mmoja kati ya ile iliyofuata aliupiga vizuri kweli, lakini ni huo mmoja. Kisha kocha akamrushia Haji pia, kwa haki, na Haji alipiga kama alivyopiga kwangu.

Nafasi akapewa Haji. Alimshika Wafula mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Nisamehe bwana," kana kwamba yeye ndiye aliyesema neno.

Magharibi tulianza kurudi. Basi lilitushusha Al Mansoura, Haji akatuaga, tukabaki wawili kwenye treni. Wafula alikuwa amekaa safari hii, gongo liko kati ya magoti. Tulipita stesheni baada ya stesheni.

"Si ungeniambia kwa room, Bongo?" alisema mwishoni. "Mbele ya watu wote hao!"

"Sikujua mpaka leo. Wallahi."

"Hata mimi sikujua." Akalizungusha gongo kidogo. "Unajua ukitaka kurusha pole unafanyanga nini?"

"Nafanya nini?"

"Unafunga jicho moja. Kidogo hivi." Akanionyesha, na watu wa kwenye treni wakamtazama. "Kila siku nakuona. Nilikuwa nafikiri nimejua mpira. Kumbe nimejua jicho lako."

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba mtu uliye karibu naye sana unaweza usimwone, na pengine lazima mvuke mji wote, mkasimame mbele ya wengine, ndipo umwone.

Tulipofika Al Wukair taa za kiwanja cha nyuma ya kambi zilikuwa zinawaka. Wapakistani wa jengo la pili walikuwa wanacheza kriketi yao. Wafula hakuingia chumbani. Alifungua shuka, akanipa nishike, akaenda moja kwa moja katikati yao na kuwaonyesha kwa mikono kwamba wamrushie, yeyote kati yao, vyovyote vile. Walicheka, wakampa nafasi.

Mpira wa kwanza ulidunda chini ukampita. Akarudi kusimama. Mimi nililikunja shuka, nikalikalia, nikamtazama mguu.