Mbio za baiskeli Kampala–Jinja zama za mjeshi: siku bendera iliponisimamisha nikiwa naongoza

Wakuu, salaam. Wa umri wangu poleni na magoti. Vijana kaeni vizuri, mzee anaongea.

Jana nimesoma humu uzi wa jamaa aliyeshiriki ride ya kilomita mia na ushee. Analalamika jua. Ana helmet yenye matundu, ana miwani, ana zile gel za kunyonya, na gari linamfuata nyuma na barafu. Nimecheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nikasema basi na mimi niweke yangu. Hii siyo chai wakuu. Hakuna nilichoongeza, na nilichosahau nitasema nimesahau.

Ni Kampala, miaka ya sabini, mjeshi yuko madarakani.

Wazazi wangu walitoka Kongo, upande wa Beni, wakaja kufanya biashara ndogondogo Old Kampala. Nimekulia pale mlimani, nyuma ya maduka ya Wahindi. Wahindi walipofukuzwa, maduka wakapewa watu wa jeshi, na vitu vikaanza kupotea. Sukari, sabuni, chumvi. Halafu wakaanza kupotea watu.

Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Walikuja wanaume wa miwani nyeusi, wakamtia kwenye buti ya gari mchana kweupe, basi. Mke wangu Zawadi alikuwa mjamzito. Shangazi yake akamvusha haraka kwenda Nairobi, mimi nikabaki kumtafuta mzee. Nilizunguka kila mahali, hadi mochwari ya Mulago. Sikumpata.

Nilipokata tamaa, mpaka ulikuwa umebana. Kila roadblock wanataka karatasi. Waliojaribu kupita porini, wengine hatukuwasikia tena.

Mtoto akazaliwa Nairobi. Habari niliipata kwa mdomo wa dereva wa lori. Aliniambia, "Ni msichana, ana nywele nyingi." Ni hayo tu niliyokuwa nayo kuhusu mwanangu.

Sasa baiskeli inaingiaje hapo?

Mimi nilikuwa mwendeshaji. Tulikuwa kundi dogo, training alfajiri, kila mtu na chuma chake. Tukatangaziwa mbio kubwa, Kampala hadi Jinja na kurudi, na mshindi atapewa karatasi za safari kwenda kushindana Nairobi. Mshindi peke yake, siyo wa pili.

Sikumwambia mtu kwa nini naitaka ile nafasi. Enzi zile ukisema mkeo yuko Nairobi unaulizwa amekimbia nini. Nikafunga mdomo, nikakanyaga pedeli.

Mtu niliyemwogopa kwenye zile mbio alikuwa mmoja tu, Marjani.

Marjani alikuwa Mnubi wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini ya Kampala, na kazi yake utingo wa malori. Kwa msiojua, Wanubi ni kizazi cha askari wa Kisudani walioletwa na Mwingereza. Waislamu, watu wa vikapu vizuri na chai nzito. Lakini wakati ule wengi wao walikuwa jeshini, kwa hiyo Mnubi akiingia mahali watu wanapunguza sauti. Na kaka yake Marjani alikuwa askari kweli. Tulifanya naye training miezi mingi na hakuna aliyewahi kumwambia jambo la maana. Mimi pia. Aliniita Mukongo, nikamwita Marjani, yakaishia hapo.

Mwaka wa nyuma yake alikuwa wa pili. Nairobi aliitaka kama mimi.

Siku ya mbio ratiba ilisema tunaanza alfajiri. Mgeni rasmi alikuwa ofisa wa jeshi, naye alikuwa amelala. Nani atamwamsha? Wewe? Tukapangwa mstari, tukakaa juani tukimngoja mheshimiwa. Alifika saa sita mchana, akahutubia kuhusu afya, akapiga bastola hewani.

Jua la kiangazi, saa sita kamili, ndiyo tunaanza kwenda Jinja na kurudi.

Wakuu, lami ilikuwa inayeyuka. Tairi zinanata, unasikia sauti yake chini yako njia nzima. Tairi yangu ya nyuma nilikuwa nimeishona kwa uzi wa viatu, maana mpya hazikuwepo nchi nzima. Maji tulibeba kwenye chupa za soda zilizozibwa na magunzi. Chakula ni muhogo wa kuchemsha mfukoni. Hiyo ndiyo gel yetu.

Watu walianza kudondoka mapema. Mmoja aliingia kwenye mashamba ya miwa pale Lugazi na baiskeli yake, akakaa chini ya miwa, akasema yeye amefika.

Lakini niwaambie jambo. Njia nzima watu walitoka. Wamama wa Mukono walisimama barabarani na mabeseni wakitumwagia maji, na maji yenyewe wameyabeba kichwani kutoka kisimani. Hawatujui, hatuwajui. "Guma ssebo! Vumilia, mwanangu!" Nchi ilikuwa imenyamaza kwa hofu, halafu ikipita baiskeli watu wanapata ruhusa ya kupiga kelele. Nilikuwa napita na machozi, nashukuru Mungu nilikuwa nimelowa kwa hiyo hayakuonekana.

Kurudi, kwenye kivuli cha msitu wa Mabira, wenzangu wakalegeza miguu wapumue. Nikasema ni hapa hapa. Nikaondoka.

Nikatoka msituni peke yangu. Mukono naongoza. Nikigeuka namwona Marjani nukta ndogo nyuma, na nyuma yake Kato, mwalimu mmoja Mganda mwenye mapafu ya ng'ombe. Gap nzuri kabisa. Nikaanza kuona Nairobi. Nikaanza kuchagua maneno ya kumwambia mtoto, kana kwamba angeelewa.

Tulikuwa tunaukaribia mji kabisa, pana kambi ndogo ya askari kando ya barabara. Nikasikia filimbi.

Saa kumi na mbili jioni. Bendera inashushwa.

Kwa waliozaliwa juzi: bendera ikishuka, kila kitu kinasimama. Gari, mkokoteni, mwenda kwa miguu. Unashuka, unasimama wima, hupepesi macho. Anayetikisika anajibu kwa askari, na wapo waliojibu kwa mgongo. Tungeanza alfajiri kama ratiba, saa hizo ningekuwa nyumbani nimenyoosha miguu. Usingizi wa mtu mmoja!

Nikashuka. Nikasimama.

Mwili uliokuwa unakimbia tangu mchana ukiusimamisha ghafla unagoma. Cramp ikanikamata paja la kulia. Mguu ukaanza kutetemeka wenyewe, siuwezi. Najibana, meno yanauma, mguu unacheza tu. Huku nasikia mnyororo unakuja nyuma. Marjani. Akashuka, akasimama karibu kabisa na mimi. Halafu Kato. Halafu mwingine mmoja nimesahau jina lake.

Gap yangu yote imekwisha pale, nimesimama kama nguzo.

Bendera ikakunjwa, filimbi ya pili ikalia. Kabla sijainua mguu askari mmoja akaja moja kwa moja kwangu.

"Wewe! Mguu yako inacheza nini mbele ya bendera?"

"Afande, ni msuli. Nimetoka Jinja na baiskeli."

"Kaa chini. Utanieleza vizuri."

Nikakaa chini. Wakuu, pale ndipo Nairobi iliondoka mbele ya macho yangu. Wala sikufikiria kupigwa. Nilifikiria nywele za mtoto ambazo sijaziona.

Askari akamtazama Marjani, uso ukafunguka. Wanafahamiana. "Eh! Si wewe ndugu yake afande wa Bombo? Nenda, nenda! Ushindi ni yako leo. Hii Mukongo nabaki nayo kidogo."

Nilijua nini kinafuata. Mtu yeyote angejua. Barabara iko wazi, anayeongoza amekalishwa chini, na mwenye bunduki mwenyewe amesema nenda. Mwingine yeyote angeondoka ningemwelewa, na yule sikutegemea hata anitazame.

Marjani hakupanda baiskeli.

Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anaagiza chai, "Afande, hii mtu ilikuwa mbele yangu. Mimi nangoja iende kwanza."

"Nimekwambia nenda!"

"Nimesikia, afande. Iende kwanza."

Kato naye, ambaye angeweza kuwapita wote na kujiendea zake, akashusha mguu wake kutoka kwenye pedeli. Yule wa nne akafanya vilevile. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Wanaume watatu wamelowa jasho, wameshika usukani, wanatazama lami.

Askari akawatazama mmoja mmoja. Sijui aliona nini. Labda aliogopa kaka wa Bombo, labda alichoka tu. Akatema mate pembeni. "Wajinga nyinyi wote. Potea!"

Nikainuka. Marjani akainama, akanikanda paja kwa kiganja chake, mara mbili tatu kwa nguvu, nikapiga ukelele. Akasema, "Panda, Mukongo."

Nikapanda. Nikaenda.

Mwanzo wa kupandisha mlima wa Nakawa nikageuka nyuma. Naomba mnisome vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo picha nitakayozikwa nayo. Barabara tupu, hakuna anayewazuia, na bado wamesimama. Marjani ameinua mkono mmoja kuwazuia wenzake, ananitazama, anangoja nifike mbali nilikokuwa kabla ya filimbi. Kisha akashusha mkono, wote wakaruka juu ya baiskeli.

Na msidhani waliniachia! Lahaula! Yule bwana alinifukuza mjini kote kama nimemwibia kuku. Mlima wa kupanda Old Kampala, mlima niliokulia, nasikia pumzi yake shingoni. Gurudumu lake la mbele likafika kwenye paja langu. Nilikanyaga kwa miguu ambayo sikuwa nayo. Nikavuka mstari yeye akiwa pembeni yangu kabisa, tukaanguka wote wawili kwenye vumbi.

Nikamuuliza pale pale chini, "Mbona ulinisubiri?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Miguu yangu haikukushika. Bendera ndiyo ilikushika." Akachukua chupa yake, akanimwagia maji yaliyobaki kichwani, akaenda kuswali.

Nilikwenda Nairobi. Kwenye mbio zao nilikuwa wa mwisho au karibu na mwisho, sikumbuki wala sijali. Zawadi alikuwa barabarani na mtoto mgongoni. Nilipomshika akalia kwa sauti kubwa, akamrudia mama yake. Nywele nyingi kweli.

Sikurudi Kampala. Huku Mwanza tulikuja baadaye sana, hiyo ni habari nyingine.

Utawala ule ulipoanguka, Wanubi waliandamwa sana. Wenye hatia na wasio na hatia, wote kapu moja. Nairobi nilikuwa nakaa na Waganda waliokimbia, watu walioumizwa kweli, siwalaumu. Walikuwa wanasema Mnubi ni Mnubi tu. Kila waliposema hivyo nilikuwa nawasimulia bendera. Wengine walisikiliza hadi mwisho, wengine waliondoka mezani.

Nilituma watu Bombo zaidi ya mara moja. Nyumba yao ilikuwa tupu. Wengine wanasema walivuka kwenda Sudan, wengine wanasema Kongo, kwetu. Sijui.

Nilichojifunza ni kwamba nilifanya training na mtu miezi na miezi nikijua kabila lake na kazi ya kaka yake, nikadhani namjua. Nimeendesha baiskeli na watu wengi baada ya hapo, wenye kasi kuliko yeye. Mwanaume kama yule sijamwona tena.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye maswali ulizeni, wa jua na gel nanyi jiteteeni. Ila ombi langu kubwa ni moja. Kama kuna mwana Bombo humu, au mwenye ndugu Arua, Juba, popote walikotawanyikia, ulizeni mzee Marjani aliyekuwa utingo na mwendesha baiskeli.

Akiwa hai, mwambieni Mukongo anamsalimu. Sikuwahi kumwambia siku ile nilikuwa nawahi nini. Mwambieni nilikuwa nawahi mtoto. Ni msichana. Mwaka huu amekuwa bibi.