Niliongeza Maneno Mbele ya Jeneza la Mwalimu Mkuu

Nimekosa, na sitazunguka. Nimemsingizia marehemu. Tena siyo kijiweni, ni mbele ya jeneza lake, maiki mkononi, mchungaji pembeni, na mji mzima umekaa kwenye viti vya plastiki unanisikiliza.

Jina langu achaneni nalo. Ninyi wa huku kwetu, njia ya Madibira, mkifika katikati ya habari hii mtanijua tu. Nawaomba mnyamaze mpaka Jumamosi, na sababu mtaiona.

Marehemu alikuwa mwalimu mkuu wetu. Alitufundisha sisi, akafundisha watoto wetu, akastaafu, na bado tukaendelea kumwita Mwalimu Mkuu mpaka yule aliyempokea ofisi akawa ananuna. Wakati wake kila darasa lilikuwa na jaruba lake la mpunga nyuma ya shule, na wali wa siku ya kufunga shule tulikuwa tunaulima wenyewe. Mimi wali niliupenda, palizi sikuipenda. Nilichapwa sana kwa kujificha chooni.

Alipostaafu, wakulima wakampa uenyekiti wa mfereji. Kwa ninyi msiolima mpunga, maji ya mfereji yanakwenda kwa zamu. Leo geti linafunguliwa kwa huyu, kesho kwa yule, na anayetangulia anapandikiza mapema na kuvuna vizuri. Anayepanga nani aanze ni mwenyekiti. Watu wameshikiana majembe kwa ajili ya hiyo zamu, lakini enzi za Mwalimu hakuna aliyepandisha hata sauti. Alikuwa anapita asubuhi na baiskeli, kipande cha chaki mfukoni, anaandika kwenye geti jina la mwenye zamu, basi, imeisha hiyo.

Ile chaki niliitamani, jamani. Nililala nikiiota. Shamba langu liko chini kabisa, maji yananifikia yamechoka, na mke wangu alikuwa ameshaniambia mwaka huu lazima mavuno yatupatie bati, kwa sababu nyasi za paa letu zinavuja mpaka jikoni. Nikajisemea, mwenye chaki ndiye anayejiandika wa kwanza.

Basi Mwalimu akaugua. Wakampeleka Mbeya, akawa anakaa kwa binti yake kule Iyunga ili awe karibu na hospitali. Nikaenda kumsalimia. Kumbe kiharusi kilikuwa kimemchukua sauti, hasemi hata neno, ila familia hawakutaka mji ujue. Ukiwauliza, wanasema anaendelea vizuri.

Tukakaa sebuleni mimi na yeye. Mkewe, Mama Tumaini, alikuwa jikoni. Kwenye TV kulikuwa na mpira, mimi naongea peke yangu na kula ndizi nilizoletewa. Mara mpira ukakatika, yakaja mapishi. Mwalimu akanishika mkono, akauvuta, akanikazia macho. Nikajua ananiaga, machozi yakanilenga. Nilipoinuka kuondoka ndiyo nikaona nilikuwa nimekalia rimoti.

Hayo ndiyo yote yaliyotokea kati yangu na marehemu. Yashikeni vizuri.

Alipofariki, familia wakaniomba nisome wasifu, maana mimi ni mshereheshaji wa harusi na sauti ninayo. Nikasoma vizuri sana: kuzaliwa, kusoma, kufundisha, kuoa, watoto, ugonjwa. Karatasi ikaisha. Kichwa changu hakikuisha. Nikaikunja, nikashusha sauti, nikasema, "Ndugu waombolezaji, hili halijaandikwa. Nilikwenda Iyunga kumwona. Alinishika mkono huu hapa, akaniambia: mwanangu, mfereji nakuachia wewe."

Nikatoa na kitambaa, nikajifuta macho.

Mnajua mila zetu. Neno likisemwa mbele ya jeneza, nani atasimama aseme ni uongo? Watu walitikisa vichwa, wengine wakalia zaidi. Mama Tumaini alikuwa amejifunika kanga, ametulia. Nikajua hajasikia.

Siku ya kumaliza matanga tukakusanyika tena, wakulima wote wapo. Mama Tumaini akaomba kusema. Ni Mhehe wa Iringa, mama mpole, anaongea taratibu mpaka unainama kumsikiliza.

"Namshukuru huyu mwanangu kwa kutusomea wasifu," akasema. "Ni kweli, baba yenu alimwachia mfereji. Ila nadhani kwa uchungu wa siku ile kuna mengine aliyasahau."

Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Baba yenu alisema, atakayeshika mfereji, zamu yake iwe ya mwisho, kama yake ilivyokuwa. Si ndivyo, mwanangu?"

Wote wakanigeukia. Ningesema nini? Nikisema marehemu hakutamka hilo, si nitaulizwa na langu alilitamka lini? Nikasema, "Ndivyo, mama."

"Na wale watoto wa darasa la saba wanaokuja barazani kwangu jioni kujifunza hesabu, nao alikuachia. Na wenye ndoa zao wakigombana, waje kwako."

"Ndivyo, mama."

"Mungu akubariki," akasema, akakaa.

Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho miaka yote nilikiona na sikukitazama. Mwalimu alikuwa wa mwisho kila msimu. Ndiyo maana hakuna aliyemgombeza. Utamgombeza vipi mtu ambaye jaruba lake bado kavu wakati lako lina maji? Na mimi nilikuwa nacheka kwamba mpunga wa mwalimu mkuu ni mwembamba kama nywele za mtoto, hajui kulima.

Nikapewa chaki. Nikaandika majina ya watu wote kwenye yale mageti, mpaka ya wale nisiosalimiana nao. Jioni narudi nimechoka, nakuta watoto wameshapanga foleni na madaftari, wananiuliza hesabu za sehemu, mimi sehemu zenyewe nilizisoma nikiwa chooni. Nikimaliza, mlangoni kuna bwana na bibi hawaongei tangu juzi, wamekuja niwasikilize. Mke wangu akaniuliza, "Hivi Mwalimu alikupenda au alikuchukia?"

Zamu yangu ilipofika, miche ilikuwa imekomaa kitaluni mpaka inainama. Nikaipandikiza hivyo hivyo. Nilichovuna ni cha kula tu. Bati hakuna, na mvua zikianza sufuria zitapangwa tena sakafuni. Siku ya mazishi nilijifuta macho makavu. Safari hii nilikaa kwenye tuta la mfereji nikamlilia yule mzee kwa kweli, na hakukuwa na maiki.

Wiki hii nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa Mama Tumaini.

"Kamwene, mama," nikamsalimia kwa Kihehe chake.

"Kamwene, mwanangu. Kaa."

Nikamwambia yote. Kwamba nilidanganya, kwamba Mwalimu hakunikabidhi kitu, kwamba namwomba msamaha na nimechoka. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hata hakuinua uso.

"Najua," akasema. "Ulikuwa umekalia rimoti."

"Umejuaje, mama?"

"Nilikuwa mlangoni na chai yako. Mwenzio alikuwa anataka mpira wake, wewe unamlilia. Ulipoondoka alicheka mpaka nikaogopa. Tangu augue hakuwa amecheka vile." Akaokota kokoto kwenye mchele, akaitupa. "Kwa hicho kicheko nimeshakusamehe. Kwa ulichosema mbele ya jeneza, bado."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema Jumamosi kuna mkutano wa wakulima, nisimame niseme mwenyewe, wao ndio wataamua chaki ibaki kwa nani.

"Na nikishindwa, mama?"

Akaupuliza ungo. "Usiposema, mwanangu, marehemu bado ana mengi ya kusema. Kuna choo cha shule kinahitaji kuchimbwa."

Kwa hiyo nimeanza kusema huku kwenu, nizoeshe mdomo. Naogopa sana, siwafichi. Naogopa watanicheka, na cha ajabu naogopa zaidi watanipokonya chaki. Kuna mtoto anayeshika mkia darasani, jana amepata sehemu zote, na ni mimi niliyemfundisha.

Ninyi wenye sauti nzuri mnaopewa wasifu msome misibani, nawasihi. Someni kilichoandikwa, karatasi ikiisha na ninyi mnyamaze. Marehemu hawezi kukujibu, ila ameacha mke. Na ukienda kumwona mgonjwa, kabla hujamlilia, inuka kidogo uangalie umekalia nini.