Jirani yangu Mthai alimwita mtoto wangu mbaya, tukamwita mwenye plot amfukuze

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, mahali vumbi halina likizo.

Wiki hii kuna jamaa ameuliza humu kama ni kweli Wathai wanaabudu mapepo. Nimesoma comments zote. Wengine mmeandika kama watu waliozaliwa Bangkok, na najua kabisa hamjawahi kuvuka mpaka wa Namanga.

Mimi pia sijafika Thailand. Lakini niliishi na Mthai ukuta kwa ukuta, na haya yalitokea ndani ya plot yetu ya nyumba za kupanga, mimi nikiwa hapo hapo. Sitatia chumvi. Ni ndefu kidogo, wekeni chai karibu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nashona jeans katika kiwanda kimoja cha nguo upande wa Athi River. Mume wangu alikuwa mtu wa vitunguu, ananunua Rombo na kuuza Nairobi, kwa hivyo nyumbani kwake alikuja kama mgeni. Simu hatukuwa nayo.

Supavaiza wa line yetu ya mashine alikuwa mwanamke Mthai, mdogo wa mwili, mkali wa macho. Jina lake kamili lilikuwa refu hadi karani wa kiwanda alilikwepa. Sisi tulimwita Noi. Aliniambia maana yake ni kadogo. Kwao mtoto huitwa Kadogo, au Panya, au Chura, ili pepo wakisikia jina wasimtamani.

Kiswahili alikiokota pale kwa line. Alijua haraka, rudia, kata uzi. Zaidi ya yote alijua nzuri na mbaya, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Anashika suruali, anaigeuza, akisema "nzuri" inaenda kwa boksi. Akisema "mbaya" inarudi kwako, na line nzima inakuangalia. Hilo neno tuliliogopa.

Basi Noi akakodi nyumba ya mbele katika plot tuliyokuwa tunaishi. Mwenye plot alikuwa mama Mmaasai, Mama Naserian, aliyekaa na ng'ombe wake huko Kisaju na kuja kwetu mara moja moja na pickup.

Kitu cha kwanza Noi alichofanya ni kuleta fundi. Wakasimamisha nguzo kwenye kona ya compound, na juu yake kanyumba ka mbao kenye paa lililopinda. Sisi tulidhani ni ka njiwa.

Njiwa hawakuja. Kila asubuhi Noi aliweka pale ndizi, vijiti vya ubani, na soda nyekundu yenye mrija.

Nikamuuliza ni nini. Akasema ni nyumba ya mwenye shamba. Nikamwambia mwenye shamba ni Mama Naserian. Akacheka, akasema hapana, yule wa zamani, asiyeonekana. Ukija kujenga mahali pake unampa chumba chake, ili asikae kwako.

Watoto wa plot waliigundua ile soda haraka sana. Tulingoja Noi awatandike. Wapi! Alisema yule mwenye shamba huwa anakunywa harufu tu, kinachobaki ni cha watoto.

Alikuwa na mengine mengi. Jumatano hakati nywele, na siku moja nilipotaka kusuka Jumatano alininyang'anya kitana. Jioni usipige mluzi, utaita usichokijua. Upinde wa mvua usiunyooshee kidole. Mjusi wa ukutani akilia wakati anatoka, anarudi ndani anakaa kwanza. Sasa kengele ya kiwanda haijui mambo ya mjusi, kwa hivyo asubuhi nyingine ungemwona supavaiza mzima anakimbia barabarani na viatu mkononi.

Tulimcheka sana. Halafu mimi narudi kwangu, na usiku sifagii taka kuelekea nje, na bundi akitua kwa mabati nalala na Biblia kifuani. Lakini hizo zangu sikuziita ushirikina. Niliziita kuwa mwangalifu.

Sasa tuingie kwa yale mazito.

Mtoto wangu wa kwanza, msichana, alifariki akiwa bado ananyonya. Niliporudi kazini, watu wa line waliniogopa, wakawa wanaongea na mimi wakiangalia mashine. Noi peke yake ndiye aliyezima mashine yangu, akavuta kiti, akakaa. Akaniuliza kitu cha ajabu.

"Watu nasema mtoto nzuri?"

Nikamwambia ndiyo, kila mtu alisema ni mrembo. Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka, akaniwashia mashine. Sikuelewa, na sikuwa na nguvu za kuuliza.

Mungu akanipa mwingine, mvulana. Mama yangu akaja kutoka Makueni kunisaidia. Mama ni mtu wa maombi, mfupi, sauti kubwa, haogopi mtu. Alipoona kale kanyumba na soda yake alikaza midomo tu. Nilijua kuna siku hiyo midomo itafunguka.

Noi akaja kuona mtoto. Alileta shali aliyoishona mwenyewe. Nikamfunulia mtoto, na niliona kabisa uso wake ukifurahi. Kisha akaubadilisha, akakunja uso, akaangalia juu kwenye mabati na kusema kwa sauti ile ile ya kurudisha suruali:

"Mbaya. Mbaya sana. Hakuna mtu nataka."

Akarudia. Akarudia tena. Akanipa shali, akatoka.

"Huyo mwanamke amesema nini?" mama akauliza, na alikuwa amesikia vizuri sana.

Wakuu, mtu aliyezika mtoto halafu akashika mwingine ndiye atanielewa. Nililia. Nilihisi kama Noi amempiga mwanangu kofi mbele yangu, yeye ambaye nilidhani ni rafiki.

Haikupita muda mtoto akaanza kukohoa. Ulikuwa msimu wa baridi ile ya Kitengela inayopita chini ya mlango. Nikampeleka kliniki, nikapewa dawa ya maji. Akaendelea kukohoa, kisha akaanza kukataa ziwa.

Mama akasema, "Mwende, si niko hapa wakati huyo alitamka hicho kitu? Unangoja nini?"

Habari ikazunguka plot. Jirani yetu Mama Hodan, Msomali mwenye duka, akasema kwao ukimsifu mtoto lazima useme mashallah, usimtie jicho. Lakini kumtukana mtoto mchanga, hiyo hakuwahi kusikia. Akapandisha mabega. Sasa hata aliyekuwa anamtetea Noi akanyamaza. Tukatuma mtu Kisaju, Mama Naserian aje amtoe huyo mpangaji wake.

Mama hakungoja. Jumapili asubuhi alichukua ule mti wa kukazia mlango, akaenda kwenye kona akisema jina la Yesu, akakavunja kale kanyumba hadi chini. Soda ikamwagika kwenye vumbi.

Noi alikuwa anafua. Akatoka mbio na povu mikononi. Nilingoja apige kelele. Badala yake aliangalia vipande, akaangalia mlango wangu ambako mtoto alikuwa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mama akarudi ndani kuendelea na maombi.

Noi akaokota vipande vyote, akavipanga chini ya nguzo, akawasha ubani, akapiga magoti pale kwenye tope la soda. Akaanza kuongea kwa lugha yao, haraka haraka, akiinama mpaka paji la uso linagusa ardhi.

Mimi nikamwendea na mtoto kifuani.

"Unasema nini? Unamwongezea?"

"Hapana, hapana. Naomba sorry." Alikuwa analia. "Nasema, mama hajui. Kasirika Noi. Mtoto wacha."

Sikumwamini. Nawaambia ukweli, wakati huo singemwamini hata angeapa.

Pickup ikaingia. Mama Naserian akashuka, shanga shingoni na koti la mume wake juu, na uso wa mtu aliyetolewa kwa ng'ombe bila sababu. Mama akatoka, akamweleza kesi yote kama yuko mahakamani. Soda, ubani, nyumba ya mapepo, na mwisho kabisa, "akamwita mjukuu wangu mbaya, mara tatu, mchana!"

Mama Naserian akamwangalia.

"Na nyinyi mlitaka aseme nini?"

"Aseme mzuri, kama watu wengine!"

"Ndio atamaniwe, aibiwe?" Mama Naserian akaanza kucheka. "Leta huyo mtoto."

Akamshika, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, yale ya baraka, akasema "torrono." Sisi wa Kajiado tunalijua hilo neno hata kama si Wamaasai. Mbaya.

"Mtoto wa maana hasifiwi," akasema. "Huyu Noi wenu ni Mmaasai wa mbali tu. Sasa mimi nifukuze nani?"

Ndipo lile swali la kiwandani likanirudia, watu walisema ni mzuri? Kumbe yule mwanamke alikuwa amekuja kwangu na silaha kali kuliko zote alizokuwa nazo, akaitumia kumlinda mwanangu, na sisi tukaona ni jiwe la kumpiga.

Lakini Mama Naserian alikuwa ameacha kucheka. Mkono wake ulikuwa chini ya shali, kwenye kifua cha mtoto. Akaifungua. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta hewa.

"Huyu anapumua na tumbo!" akafoka. "Mmenitoa Kisaju kwa sababu ya nyumba ya ndege na mtoto anakosa hewa? Hakuna mtu alikuwa anamwangalia? Ingieni kwa gari!"

Tukapanda. Noi akakimbilia kwake, akarudi na uzi mweupe wa pamba, akakanyaga gurudumu na kumfunga mtoto kwenye kifundo cha mkono, akinong'ona. Baadaye alinieleza kwamba mtoto akishtuka roho yake hutoka ikapotea, na uzi unaiita irudi mwilini. Mama akainua mkono amsukume.

"Mama, acha," nikasema. Sikuwa nimewahi kumpandishia mama sauti, na sijarudia tena.

Hospitalini wakasema ni nimonia, na kwamba tumefika wakati bado kuna la kufanya. Wakamwekea oksijeni. Nesi akatafuta mshipa, akashika ule mkono wenye uzi.

"Hii tukate," akasema.

Aliyejibu ni mama.

"Sista, huo mkono mwingine hauna mshipa?"

Nesi akamwangalia, akahamia mkono wa pili.

Tulikaa pale mchana wote. Biblia ya mama ilikuwa mapajani, imefungwa. Baada ya muda mrefu akaniuliza, bila kuniangalia, Noi alikuwa anaomba nini pale chini wakati yeye yuko ndani.

Nikamwambia. Mama hajui. Kasirika Noi. Mtoto wacha.

"Akasirikiwe yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Na ni mimi nilivunja."

Kisha akasema, "Mwende, mimi nimeomba tangu niko msichana. Sijawahi kuambia Mungu anikasirikie mimi kwa sababu ya mtu amenivunjia nyumba." Akalia, na mama yangu si mtu wa kulia mbele ya watu.

Mtoto alipona. Tuliporudi, mama alitafuta fundi, akasimama juu yake mpaka kanyumba kakaisha, akakabeba mwenyewe hadi kwa mlango wa Noi.

"Mimi siwezi kuomba hapa," akamwambia, "na siwezi kukudanganya eti nimeamini. Lakini nyumba nilivunja ni nyumba."

Sijui Noi alielewa maneno mangapi. Aliunganisha viganja vyake kifuani, akainama kama wanavyofanya kwao. Mama hakujua hiyo hujibiwa vipi, akavishika vile viganja vyote viwili pamoja, akavitikisa kwa nguvu kama mikono ya kanisani. Walikaa hivyo kitambo.

Contract ya Noi iliisha, akarudi kwao. Kijana wangu yuko, ananishinda urefu, na nimonia yake siku hizi ni kudai viatu vipya kila mwezi.

Nilichojifunza, wakuu, si kwamba kanyumba kana nguvu au hakana. Hilo sijui hadi leo, na mimi bado ni mtu wa kanisa. Ninachojua ni kwamba pale plot hakukuwa na mtu hata mmoja aliyemtakia mtoto wangu mabaya. Mama alimlinda, Noi alimlinda, mimi nilimlinda mpaka nikawa kipofu. Na sote tulikuwa tumesimama nje tukichunguza nani ana pepo, huku mtoto mwenyewe akitafuta hewa kifuani pangu.

Sasa nawaachia uwanja. Kwenu mgeni akija kuona mtoto mchanga husema nini, na hukatazwa kusema nini? Andikeni hapa. Na wewe ndugu uliyeanzisha ile mada, jibu lako ni hili: sijui wanaabudu nini. Mmoja tu ndiye niliyewahi kumsikia akiomba, na alikuwa anatuombea sisi.