Wanataka Niape Nimeiba, Lakini AI Ndio Iliuza Amana

"Huyu ndio mwizi yako," mjomba alisema, mkono yake iko juu ya bega yangu kama mutu anabariki mtoto. Hajati, mama mwenye gunia ilipotea, alikuwa amesimama kwa mlango ya store, anashika kipande ya kitenge yake, ile tuliokota chini. Aliniangalia tu. Mimi niliangalia viatu yangu, kwa sababu mimi ni mutu ya haya, mbele ya watu mdomo inajifunga yenyewe. Basi ile kunyamaza ikakuwa ni kama nimekubali.

Admin, ficha jina yangu tafadhali. Mimi ni kijana ya miaka ishirini na mbili, niko Arua, lakini kwetu ni Koboko, huko Kuluba. Shule niliacha P4, darasa ya nne. Mjomba, kaka ya mama yangu, alinileta nifanye kazi kwa store yake ya mazao, na ninalala humo humo. Siongei sana. Naangalia tu.

Kwa store yetu mutu akileta njugu ama simsim, ile ufuta, ya kuuza, inawekwa, inauzwa. Lakini kama ni amana, kitu ya kukuwekea tu, mwenyewe anararua kipande ya nguo yake anafunga kwa mdomo ya gunia. Gunia iko na nguo, hakuna mutu anagusa, hata mjomba, hata ikae mpaka panya izae hapo. Hatukufundishwa. Tulizaliwa tukakuta iko hivo.

Sasa mkwe ya mjomba, yule tunamuita Injinia, alileta kompyuta akaweka AI. Mjomba anaongea na simu tu, "tafuta lori," "andika mzigo ya leo," AI inafanya yenyewe. Ndani iko na batani mingi, kila moja na kazi yake, na kila batani Injinia aliandika maelezo yake. Alikaa na mimi anauliza, kazi hii mnafanya namna gani, na ile? Aliniambia, "Hii kitu haina macho. Haioni store. Inasoma maelezo yangu, inafanya vile imesoma. Kwa hiyo sema yote."

Nilisema yote. Ya nguo sikusema. Haikuingia hata kwa kichwa! Mutu akikuuliza nyumbani kwenu munaishi namna gani, utamwambia kwamba tukilala tunafunga macho? Na yeye si mgeni, ni mtoto ya hapa tu Ombaci, nyanya yake mwenyewe anaweka amana kwetu. Na yeye hakuandika. Kwa batani ya kufungua nafasi aliandika, "Inatoa mzigo ya zamani na kuuza." Basi, ikaisha hapo.

Lori ya simiti ya mjomba ikawa inakuja, na store imejaa. Mjomba akaambia simu, "Nataka nafasi kwa store." Mimi nilikuwa Koboko kwa matanga. AI ikasoma yale maelezo, ikachagua gunia za zamani, ikapata mnunuzi upande ya Congo, ikatuma mesej kwa wapakiaji. Niliporudi, kona ilikuwa wazi na vipande ya nguo iko chini. Njugu ya Hajati, mbegu yake ya kupanda, ilikuwa imeshapita Vurra, kwa mpaka ya Congo. Na mvua ya kupanda imeanza.

Niliuliza wapakiaji, nyinyi hamukuona nguo? Moja akacheka. "Tuliona bana. Lakini simu ya bosi imesema pakia. Mimi nibishane na simu?"

Nilifikiri watatengeneza ile maelezo. Injinia alisema, nilisikia na masikio yangu, "Mzee, niongeze maneno kidogo tu. Kabla ya kuuza, uliza mutu ya store kama gunia iko na nguo." Mjomba akapiga meza. "Ukigusa hiyo maelezo, umekubali imekosea! Matajiri ya Koboko wanakuja kuona hii AI, wanataka na wao. Wakisikia iliuza amana, nani ataleta gunia hapa tena? Tukisema ni mwizi, si kitu, kila store iko na mwizi." Injinia akaniangalia, halafu akarudisha macho kwa kompyuta. Hajaniangalia tena mpaka leo.

Mjomba akanionyesha kwa Hajati, halafu leo asubuhi akaniita. "Wewe huna mke, huna mtoto, huna duka. Jina yako ikiharibika inaumiza nani? Leo baada ya swala utaapa mbele ya wazee, utashika Msahafu, utasema, ni mimi niliiba. Halafu unaenda Kuluba kulima. Watu watasahau."

Mke yake alikuwa anakoroga uji, akasema, "Ataapa namna gani, hajui hata kuongea? Atatikisa kichwa kama mbuzi." Wakacheka wote.

Ninawachukia. Naandika hivo na siogopi. Nimekula chakula yao miaka, lakini leo uji yao nimeacha kwa kikombe. Nikiapa, mama yangu anaitwa mama ya mwizi, na kwa soko ya Koboko anakaa karibu kabisa na dada ya Hajati. Na nitakuwa nimeshika Msahafu kwa uongo. Nikikataa, ile nyumba mama analala ndani ni mjomba alijenga, na ameshasema, "Kumbuka mama yako analala wapi."

Wakubwa kwa wadogo munaosoma, mungekuwa mimi, mungeapa? Mutu anasema namna gani hapana, kama mdomo yake haifunguki? Niambieni, nitasoma yote.

Lakini sasa lazima niende. Lori ingine ya simiti inapiga honi kwa geti, na simu ya wapakiaji imelia zote pamoja, ni mesej ya AI. Maelezo iko vile vile, hakuna mutu amegusa. Kwa kona ya pili bado iko gunia za wamama wengine, na nguo zao, na nawaona wapakiaji wanafunga vitambaa puani juu ya vumbi, waingie kuzibeba. Naenda kukalia hizo gunia. Kama kuongea itanishinda, nitakaa tu, wanibebe pamoja nazo.