Mume Wangu Anamtafuta Babu Yake Norfolk

Admin, salamu kwako na kwa wote mnaosoma hapa. Naomba jina langu libaki kwako. Nina miaka ishirini na nane, ni Mtanzania, nilisoma historia chuo kikuu, na sasa naishi Brussels na mume wangu, karibu na uwanja wa Flagey. Tuna miaka mitatu ya ndoa na nina mimba ya miezi minane. Mume wangu hanipigi, hanywi, hana mchepuko. Ninamdharau. Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili nikairudisha, kwa sababu ndiyo kweli.

Mume wangu ana jina la ukoo la Kiingereza. Alilirithi kwa baba yake, aliyezaliwa kwenye shamba la mkonge Muheza wakati wa mkoloni. Meneja wa shamba lile alikuwa Mwingereza mwenye jina hilohilo, mtu wa Norfolk, jimbo la mashariki mwa Uingereza. Basi ikawa hadithi ya familia kwamba yule meneja ndiye babu. Baba mkwe wangu alikufa akiiringia. Mwanawe ameigeuza dini.

Kila Jumamosi anashinda kwenye kompyuta akipekua vitabu vya ubatizo vya makanisa ya vijiji vya Norfolk. Anajua nani alikuwa na kinu cha kusaga wapi, nani alioa binamu yake, nani alizika watoto wanne. Sebuleni, mahali nilipotaka kutundika picha ya harusi yetu, pana ramani ya Norfolk. Amenunua kofia ya sufu kama ya wazee wa huko na anaivaa kwenda sokoni. Mwaka jana alinipeleka. Tulisimama kwenye mvua mbele ya kaburi lenye jina lile, lililoota ukungu, akavua kofia akalia. Kwenye kaburi la baba yake Muheza sikumwona akilia. Mama mmoja mzee wa chama cha historia cha kijiji alitukaribisha chai, akamtazama mume wangu, akakitazama kikombe chake, akasema, "Inavutia sana." Nimekaa Ulaya muda wa kutosha kujua maana yake: hakuamini hata neno moja. Mume wangu alirudi akisimulia kwamba wamempokea kama ndugu.

Nilimshauri apime vinasaba, amalize ubishi. "Damu haihitaji maabara," akanijibu. Mtu ambaye hata risiti ya mkate anaihifadhi!

Aliyewahi kumwambia kitu usoni ni Maman Zuhura peke yake, jirani yetu Mrundi. Alikuja siku moja na bakuli la pilipili yake, akamkuta mezani akimweleza mgeni kwamba asili yetu ni Norfolk. Maman Zuhura akashika kiuno, akaanza na Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa.

"Bon, papa, donc weye ni muzungu? Alors mbona unamaliza pilipili yangu namna hii?"

Nilicheka mpaka mtoto akageuka tumboni. Mume wangu hakunisemesha siku mbili.

Kinachoniuma ni kwamba bibi yake yu hai. Mama wa baba yake, yuko Muheza, macho hayaoni vizuri lakini akili ni nzima. Huyu bingwa wa historia anampigia mara mbili kwa mwaka. Jambo hili alimuuliza mara moja tu, mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika: "Bibi, yule meneja si ndiye babu yetu?" Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Ndivyo wasemavyo, mjukuu wangu." Mume wangu akashangilia. Mimi nilikisikia kile kimya.

Nikampigia mwenyewe siku nyingine, mume wangu akiwa kazini.

"Mwanangu," Bibi akasema, "mzungu yule alikula wali wa mume wangu miaka sita. Mimi hakuwahi kunigusa hata kidole. Mume wangu Athumani alikuwa mpishi wake."

Akanieleza kwamba siku zile watu wa kazi walijulikana kwa jina la bwana wao. Athumani wa Bwana Fulani. Mtoto alipopelekwa shule ya misheni, karani akauliza ni wa nani, aliyempeleka akajibu ni wa kwa Bwana Fulani, karani akaandika. Athumani alikufa kwa homa mtoto akiwa na miaka saba. Mtoto akakua, akalipenda jina.

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nilisema. Mwanangu akanikataza nisirudie mbele za watu."

Kisha akaniapisha. "Mume wako usimwambie, utamvunja. Ila huyo mtoto, mwiteni Athumani."

Nikaapa, mjinga mimi. Mume wangu ameshaamua mtoto ataitwa kwa jina la kwanza la yule meneja. Ameshamchorea kisanduku kwenye mti wa ukoo, chini ya karne tatu za wasaga nafaka. Upande wangu wa mti una maneno mawili: mke, Tanzania. Wiki iliyopita nikamtajia Athumani, nikasema tu ni jina zuri. Akacheka.

"Athumani? Hilo si jina la mpishi?"

Hakujua alichokisema. Nilivaa koti nikaenda kulizunguka bwawa la Flagey mpaka miguu ikavimba, kwa sababu ningebaki ningesema.

Nikisema, nimemvunjia ahadi mwanamke ambaye mwanawe mwenyewe alimziba mdomo. Nisiposema, mwanangu ataandikishwa pale komuni, ofisi ya manispaa, kwa jina la mtu ambaye mchango wake kwenye ukoo wetu ni kula. Na kuna hili ambalo sijamwambia yeyote: sijui kama ninataka kumtetea Athumani, au ninataka tu kuuona uso wa mume wangu siku atakapojua.

Nimebakiza wiki nne. Nishaurini, lakini msiniambie nivumilie. Niambieni nimwambie au ninyamaze. Na kama ni kumwambia, nitasemaje bila kutabasamu?