Marehemu wa Segera

Ukishuka Segera ukaulizia Kisemei, muuza katambuga, vijana wa stendi watabaki kukutazama. Ulizia Marehemu, watakuonyesha mara moja: yule pale, kando ya banda la chai la Mama Yusra, anakata matairi ya kushonea viatu. Mama Yusra ni mimi, na hapa njia panda nzima ni mimi peke yangu niliyekataa kumwita hivyo. Utani wa msibani una watani wake, tena una siku yake. Hawa vijana si watani wa mtu, ni midomo tu.

Chanzo ni kitabu. Abiria mmoja alikisahau kwenye benchi langu, nikakisoma huku nikichemsha maziwa, na maziwa yakafurika. Ni habari ya maiti iliyookotwa kando ya mto Pangani, kule Old Korogwe. Mpelelezi wake ni mzee mwenye pumu, na hajali sana nani ameua. Anachotafuta ni jina la aliyekufa. Anauliza nyumba kwa nyumba, hakuna anayemjua, na wewe msomaji unaanza kuogopa kwamba hata wewe unaweza kufa ukakosa wa kukutambua. Jina linapatikana ukurasa wa mwisho. Nililia, wala sioni haya kusema.

Basi watu wa tamthilia walipoteremka kunywa chai, nikasikia kwamba wanakwenda kukiigiza kitabu kilekile, nilifurahi kama ninayeozesha binti. Mkubwa wao, Gregori, alinieleza waliyoyabadilisha. Yule mzee wa pumu sasa alikuwa kijana mwenye koti la ngozi, kwenye joto la Korogwe. Nikamwongezea chai. Shida yao siku hiyo ilikuwa maiti. Mwigizaji wake aliyetoka Dar aliposikia mtoni kuna mamba, alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Gregori akamwona Kisemei, mrefu, mwembamba, mtulivu, akamuuliza kama anaweza kulala bila kutikisika. Kisemei akacheka. Mtu aliyekulia machungani hashindwi kulala chini.

Nilikwenda nao kuwapikia, kwa hiyo niliona. Walimlaza kwenye matope, wakamfunika shuka jeupe, na Gregori akamuuliza anaitwa nani. Akajibu chini ya shuka. Gregori akalirudia jina lile mara mbili, akalipenda. Nilimkumbusha kwamba kitabuni maiti haina jina mpaka mwisho.

"Mama, msomaji anaweza kumlilia mtu asiye na jina," akaniambia. "Mtazamaji hawezi, atahama chaneli. Kisemei, tunaliazima jina lako."

Kisemei akasema sawa. Cha kuazima hurudishwa, nadhani hivyo ndivyo alivyofikiri.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, banda langu lilijaa hadi nje. Hakukuwa na kipindi ambacho jina lile halikutajwa. Yule wa koti la ngozi anafunua shuka, anauliza nani alimuua Kisemei. Wakaitungia maiti mama pia, ambaye kitabuni hayumo, naye akajitupa juu ya kaburi akiita Kisemei, Kisemei, mpaka wanawake tukatoa pembe za kanga tukafuta macho. Mwenyewe alikuwa amekaa katikati yetu na kikombe chake. Ndipo utani wa Marehemu ulipoanza, na alikuwa akiuitikia kwa kicheko.

Kilichomkata kicheko ni mama yake. Bibi Naisiae aliishi nyikani, mbele ya Mazingara, wilayani Handeni, pamoja na Nashipai, mke wa Kisemei. Jirani yao ana televisheni ya sola. Bibi alitazama kipindi kimoja, akainuka, akarudi kwake bila kuaga. Kwa wazee wa Kimaasai waliokaa na mila zao, aliyekufa hatajwi tena jina.

Zamani Kisemei akienda nyumbani, mama yake alimwita toka mlangoni mwa boma kabla hajafika, majirani wote wakajua amekuja. Safari hiyo, baada ya kipindi kile, alifika bila kuitwa. Akainamisha kichwa, mama akamgusa utosini kama kawaida, akampa maziwa. Jina hakulitaja. Alipomuuliza, bibi hakuficha.

"Najua ni sinema, sijasema umekufa," alimwambia. "Lakini jina lako limeitwa juu ya maiti, na watu wamelililia. Limezikwa. Mimi siliiti."

Akaomba apewe jingine. Aliyempa lile ni baba yake, akajibiwa, na baba hayupo. Mchungaji wa kanisani kwake alimwambia hayo ni mambo ya kale, asali tu. Akasali. Akampigia Gregori, kumsihi wabadilishe jina. Gregori akasema haiwezekani, tena akampa habari njema: watazamaji wamempenda marehemu kuliko mpelelezi, kwa hiyo msimu wa pili watamrudisha kama mzuka. Kitabuni hakuna mzuka. Kisemei akakata simu, akaniambia anachotaka ni kitu kimoja tu, mama yake amwite mara moja kabla hajafa. Bibi alikuwa ameanza kukohoa vibaya. Niliogopa kwa ajili ya Kisemei, na Gregori nilimchukia.

Masika yalipofika, Nashipai akatuma habari kwamba bibi amezidiwa. Nilifuatana na Kisemei. Nilimsalimu bibi shikamoo, akaitikia marahaba kwa shida. Kisemei akapiga magoti, akainamisha kichwa. Mkono ukaja utosini kwake, ukabaki hapo. Bibi akaanza kusema kwa Kimaasai, na Nashipai akawa ananitafsiria sikioni.

"Wewe ni kijana wa nani?"

"Wa hapahapa, mama."

"Ukipita Segera, kuna mwanangu anauza katambuga. Mwambie aje upesi. Anaitwa..."

Kisemei aliinua uso. Sote tulisubiri, na mimi nilimwomba Mungu kimoyomoyo. Bibi akafumba midomo, akaikaza. Akili yake ilikuwa imeshapotea njia, lakini lile katazo bado alilishika.

"Nitamwambia, mama," Kisemei akasema.

Tulimzika kabla ya wiki kuisha. Kisemei aliporudi kazini alikaa mahali pake, akashika kisu na kipande cha tairi bila kukata. Nilimmiminia chai.

"Kisemei," nikamwita. Aliendelea kutazama barabara ya Handeni. Nikamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi, hata abiria mmoja akageuka kuona ninamwita nani. Chai ilikuwa inapoa mkononi mwangu.

"Marehemu," nikasema polepole.

Akageuka, akanyoosha mkono, akapokea kikombe.