Maziwa ya upande wa kushoto

Ninyi vijana wa nyumba hii, na wengine watakaosoma daftari hili, musikilize. Juma lililopita muliinama watano juu ya telefone moja, munacheka. Nikauliza kuna nini. Mukanionyesha watoto wawili walioungana kifuani, na muntu fulani amewawekea muziki. Mumoja wenu, mujukuu wangu, akasema, "Koko, hawa siku ya arusi, bwana iko mumoja ao wawili?" Mukacheka tena. Siku hiyo sikuwagombeza, nilienda kukaa jikoni. Nawagombeza sasa kwa kalamu, ingawa nilisoma miaka miwili tu na mukono wangu unakwenda polepole.

Mimi nilishika watoto wa namna ile. Musinifundishe habari zao.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji, mimi binti wa kuchota maji, sijavunja ungo. Dada yangu mukubwa alikuwa ameolewa Walikale, kwa watu wa porini, wa ndizi na mawese. Mimba yake ya kwanza ilipokuwa nzito, akapanda mpaka kwetu Masisi ili azalie kwa mama. Uchungu ulimushika siku mbili. Watoto walipotoka, mama mukunga hakupiga vigelegele.

Mama yangu akamuuliza, "Ni nini?"

"Ni mapacha."

"Basi piga vigelegele!"

"Mama, njoo kwanza utazame."

Walikuwa wavulana wawili, uso kwa uso, wameshikana toka kifuani mpaka kitovuni. Mama alitazama muda murefu. Kisha akapiga vigelegele peke yake, mara mbili, kama inavyotakiwa.

Kwetu mapacha hawapimwi. Ukimupa huyu, umupe na yule, saa ileile. Usiseme huyu munene, huyu ndiye alianza kucheka. Ukisema hivyo umekwisha kumuita mumoja aondoke, na mwenzake atamufuata. Mama alishika sheria hiyo kama jembe. Jirani yetu alikuja kupongeza na kuku mumoja.

Mama akamusimamisha mulangoni. "Wa pili iko wapi?"

"Si tumbo yao ni moja?"

"Vichwa ngapi?"

"Mbili."

"Basi kuku pia mbili. Ao rudia na huyo wako."

Alirudi na wa pili amekasirika, na kuku mwenyewe amekonda kama fimbo. Watu walitoka mpaka Mushaki kuja kuona. Mama aliwauliza wote neno moja: "Munakuja kusalimia ao kutazama?" Aliyesema kusalimia, alisalimia mara mbili. Aliyesema kutazama, alionyeshwa ng'ombe. Katekista naye alimwaga maji kwenye vichwa viwili na kuita majina mawili. Majina hayo siyaandiki hapa.

Watoto hawakubebeka mugongoni. Tuliwalaza juu ya lungo la kupepetea maharagwe, limetandikwa vitambaa. Kunyonya ilikuwa kazi ya watu wawili. Dada aliegemea ukuta, watoto tukawasimamisha mapajani mwake, kila mumoja akageuza shingo kwenye titi lake. Dada alishika kichwa cha wa kulia. Mimi nilishika cha wa kushoto. Ndiyo maana nilijua.

Yapata siku ya kumi, shingo ya huyo wangu ilibadilika mukononi mwangu. Mudomo ulikuwa juu ya chuchu, lakini hauvuti. Nilimutazama dada, naye akanitazama. Titi la kulia lilikuwa limelegea, la kushoto limejaa mpaka limekuwa gumu kama jiwe. Dada akaenda nyuma ya nyumba kukamua, nikapokea maziwa kwenye jani la mugomba na kuyamwaga chini. Tulipogeuka, mama alikuwa amesimama pale.

"Mimi sijaona kitu," akasema, akaingia ndani.

Shemeji akafika toka Walikale na mikungu miwili ya ndizi, kwa sababu habari ilimukuta njiani. Alikuwa muntu wa maneno machache. Alipowatazama wanawe akasema, "Tunaenda kwa munganga," na hakungoja jibu. Kesho yake asubuhi alibeba lungo kwa mikono yake miwili, vilima vyote, hakukubali kupokewa. Sisi wanawake tulifuata.

Munganga mukubwa wa hospitali ya misioni alikuwa muzungu, mwenye mikono ya baridi na ya upole. Pembeni yake alisimama muuguzi, kijana wa kwetu, anayetafsiri. Munganga aliweka sikio kifuani mwa watoto, huku na huku, nami nimewashikia vichwa. Kisha akauliza, na muuguzi akasema:

"Anauliza, yupi ananyonya zaidi? Yupi iko na nguvu?"

Mama akajibu upesi, "Banyonyaka sawasawa."

Munganga akasema maneno marefu. Muuguzi akayaleta kidogo kidogo. Katika hospitali ya mbali kuna wanaoweza kuwakata watoto kama hawa na kuwatenganisha. Wakiwa wote wana nguvu, ni vizuri kungoja wakue. Lakini kama mumoja anazimika, ni lazima waende kesho na gari, kwa sababu akifa atamuvuta mwenzake siku ileile. Na wakikatwa kesho, labda atabaki mumoja tu, yule mwenye nguvu.

Musikie vizuri. Kusema "huyu hanyonyi" ilikuwa kumunyooshea kidole: huyu ndiye afe. Kunyamaza ilikuwa kuwaacha wote wawili kwenye lungo moja.

Shemeji hakujua kitu, alikuwa amefika jana yake tu. Akamuuliza dada, "Mama wa watoto, ni kweli wananyonya sawa?" Dada alikuwa amejifunika kitenge shingoni, na upande wa kushoto kitenge kilikuwa kimelowa maziwa. Aliinama kuwafunika watoto miguu. Muuguzi akanigeukia mimi.

"Wewe binti ndiye unawashika. Unasema nini?"

Macho ya mama yalikuwa mugongoni mwangu, niliyasikia kama moto. Nikasema, "Sawasawa."

Munganga akaandika. Akasema turudi mwezi ukiisha, wakiwa wameongeza uzito. Shemeji akashukuru kwa mikono miwili.

Siku ya tatu baada ya kurudi, saa ya kukamua ng'ombe, wa kushoto alikata roho. Wa kulia alikuwa amenyonya vizuri asubuhi hiyo, nilimuona kwa macho yangu. Alilia, akageuza shingo kutafuta uso wa mwenzake. Kabla maharagwe ya mchana hayajaiva, naye akawa baridi. Mwenye kuchimba aliuliza, "Shimo moja ao mbili?" Shemeji akasema, "Moja, lakini pana." Dada hakunilaumu wala sikumulaumu. Ila toka siku ile hatukuweza kuketi sisi wawili tu na kunyamaza, lazima mumoja atafute kazi.

Miaka ilipita, nikiwa nimekwisha kuzaa watoto wangu, nilimukuta muuguzi yule sokoni Masisi, mvi zimemuingia. Nikamueleza yote pale pale mbele ya maharagwe. Nikamuuliza kama wa kulia angepona.

"Sijui, dada. Siku zile wengi waliishia palepale kwenye meza ya kupasuliwa. Labda wote wangekufa njiani."

"Kwa hiyo sikukosa?"

Alichota maharagwe kwa mukono, akayarudisha. Kisha akasema, "Kitenge kilikuwa kimelowa upande mumoja. Nilikiona. Munganga hakujua maana yake, mimi nilijua. Mama yangu pia alinifundisha kwamba mapacha hawapimwi."

Tukasimama pale kama wezi wawili waliokutana.

Nimefikiri habari hii maisha yangu yote na sijafika mwisho wake. Mama hakuwa mubaya. Aliwapenda wote wawili kiasi kwamba hakuweza kumupoteza mumoja, na sheria ile ndiyo iliyowafanya wahesabiwe watu, si kitu cha kutazama. Lakini munganga aliomba macho yetu, nasi tukamupa desturi yetu. Hakuwa na njia nyingine ya kujua.

Mwaka ule muke wa mujukuu wangu alipozaa mapacha, hawa wenu wanaokimbia uani, mumoja alishikwa na homa. Nilisikia wanawake jikoni wanapanga maneno ya kusema hospitali: "Tuseme banaendelea sawasawa." Niliinuka na fimbo yangu. Niliwaambia hivi, na amri haijabadilika: "Hapa nyumbani mugawe sawa, hata kiazi kimoja mukikate katikati. Lakini mbele ya munganga, mwenye kushika kichwa cha mutoto aseme kile mukono wake umesikia: huyu ananyonya, huyu hanyonyi. Na asiwepo muntu wa kumutazama mugongoni. Sasa muwabebe wote wawili, muende."